Pikapu ya Zamani Yenye Injini ya Kubadilisha Imegoma Kuwaka: Pa Kuanzia na Namna ya Kufuata Hitilafu

Pikapu iliyobadilishwa injini ikigoma kuwaka, wengi hukimbilia kitu kikubwa. Pampu ya dizeli inashushwa, nozo (vinyunyizi vya dizeli) zinapelekwa kupimwa, betri mpya inanunuliwa, na bado gari linasukumwa. Bodi ilitoka kiwandani ikiwa nzima, na injini nayo ilitoka kwake ikiwa nzima. Kilichotengenezwa mtaani ni maungio kati ya hivyo viwili: waya uliosokotwa na kuzungushiwa utepe, bomba la mafuta lililorefushwa, ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye betri) iliyofungwa juu ya rangi. Anza hapo kabla hujafungua chochote cha gharama.

Mfano nitakaoutumia ni gari linalojulikana na kila gereji: Toyota Hilux ya miaka ya 1980 iliyokuja na injini ya petroli ya 2Y, lita 1.8, ya kabureta, na sasa imefungwa 5L ya dizeli, lita 3, iliyong'olewa kwenye Hiace. Mwenye injini ya petroli ya EFI (inayopuliziwa mafuta kwa amri ya kompyuta, bila kabureta) asiondoke, sehemu yake iko huko chini.

Maswali kabla ya spana

Tangu injini ifungwe, gari limewahi kuwaka vizuri na kufanya kazi? Kama halijawahi, usitafute kilichoharibika, tafuta kilichofungwa vibaya au kilichosahaulika. Kama lilikuwa linawaka na leo limegoma, basi kuna kitu kimelegea, kimeungua, kimekatika au kimeingiza hewa. Hizo ni safari mbili tofauti, na fundi asiyeuliza anaweza kushinda kutwa kwenye ile isiyo yake.

Uliza pia nini kiliguswa mara ya mwisho. Redio mpya, kuosha injini, kufungwa kifaa cha kufuatilia gari, kubadilisha klachi: lolote kati ya hayo linaweza kuacha waya nje ya mahali pake. Na uliza kama kuna swichi ya siri. Pikapu nyingi zimefungwa swichi ya kuzuia wezi chini ya dashibodi au nyuma ya kiti, kisha zikauzwa na kuuzwa tena hadi aliyenayo sasa hajui kama ipo. Mguu wa abiria unaigusa, gari linakufa.

Halafu soma namba ya injini kwenye bloku yenyewe. Kadi ya gari inaweza kuwa bado inasema 2Y, na hilo ni suala la kulimaliza na mamlaka, lakini kwa leo jambo la maana ni vipuri. 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3 zinafanana sana kwa nje. Ukienda Kirinyaga Road au Gerezani ukataja mwaka wa gari badala ya namba ya injini, utauziwa kifaa cha gari ambalo halipo tena.

Vifaa vya kuwa navyo: mita ya umeme, taa ya testa, spana za kawaida, msasa, nyaya nene za kubusti, chupa safi ya plastiki inayoonyesha ndani, na mtu wa kukupigia stata. Weka gia nyutro, vuta hendibreki, weka kabari kwenye matairi, vua pete na saa. Pete ikigusa chanya ya betri na bodi kwa pamoja, kidole kinaungua hadi mfupani.

Sikiliza gari linasema nini

Geuza funguo, sikiliza. Kimya kabisa ni tatizo la njia ya kuiamsha stata. Mlio mmoja wa "tak" bila injini kuzunguka ni betri, nyaya nene, ethi au stata yenyewe. Ikizunguka kwa uzito, kama inabebeshwa mzigo, mara nyingi ni betri au ethi. Ikizunguka kwa kasi nzuri lakini haishiki, achana na betri na stata, nenda kwenye mafuta na moto wa injini.

Usiruke hatua hii. Nimeona watu wakitoa hewa kwenye mafuta ya gari ambalo stata yake haizunguki inavyotakiwa. Dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na isipozungushwa haraka hewa haipati joto hilo hata mafuta yakifika kwa wingi.

Betri na ethi

Pima betri ikiwa imepumzika: volti 12.6 ni nzima, 12.4 inavumilika, karibu na 12.0 imeshuka, ichaji kwanza. Kisha mwambie mwenzako apige stata huku umeshika mita kwenye nguzo za betri. Ikishuka chini ya volti 9.6 wakati inazungusha, betri haifai, au kuna kitu kinachokula umeme kupita kiasi. Kumbuka betri iliyokuwa inatosha 2Y ya petroli inaweza isitoshe 5L. Dizeli inabana zaidi ya mara 20, kwa hiyo inataka betri kubwa na nyaya nene zaidi, na kuna watu wanaobadilisha injini na kuacha nyaya zilezile za petroli.

Sasa njoo kwenye ethi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayosumbua zaidi magari ya aina hii. Injini imekaa juu ya mpira, haigusani na chasisi kwa chuma. Umeme wa stata, ambao ni ampea mia kadhaa, unarudi betri kwa kupitia waya wa ethi kati ya injini na chasisi. Injini ya zamani ilipotolewa, waya huo ulitolewa nayo, na injini mpya ikafungwa bila wake. Umeme haukosi njia: unapita kwenye kebo ya mafuta, kebo ya spidimita, hata bomba la chuma. Piga stata mara tatu kisha gusa ala ya kebo ya mafuta kwa uangalifu. Ikiwa ya moto, au utaona plastiki yake imelainika, umeshapata jibu.

Kipimo cha uhakika ni hiki. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe (si kwenye kibanio chake), nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku. Mwenzako apige stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, njia ya ethi ina upinzani. Upande wa chanya pima hivyo hivyo, kutoka nguzo chanya hadi nati kubwa ya stata; hapo isizidi 0.5. Kama huna mita, chukua waya wa kubusti, unganisha hasi ya betri moja kwa moja na bloku, ujaribu tena. Injini ikizunguka kama mpya, nunua waya mnene wa ethi, piga msasa mahali pa kufunga hadi chuma king'ae, funga kwa bolti na washa yenye meno, kisha paka grisi juu. Ifunge kwenye bloku au giaboksi, isifungwe kwenye kifuniko cha vali wala kwenye braketi iliyopakwa rangi.

Stata yenyewe

Stata ina nati kubwa inayopokea waya mnene kutoka betri, na waya mwembamba unaoiamrisha. Kama ni kimya kabisa, weka taa ya testa kwenye waya mwembamba huku mwenzako anageuza funguo. Taa haiwaki: tafuta nyuma kuelekea swichi ya funguo, rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo kupitisha mkubwa), swichi ya siri. Kama injini ilitoka kwenye gari la otomatiki na waya zake zililetwa nzima, angalia swichi ya nyutro ya giaboksi. Kwenye gari la otomatiki umeme wa stata hupita humo, na kwenye giaboksi yako ya mkono swichi hiyo haipo, kwa hiyo njia imekatika. Inaungwa tu, lakini lazima ujue kwamba umeiunga, maana sasa gari litaruka likiwashwa kwenye gia.

Taa inawaka lakini hafifu: pima volti. Swichi ya funguo ya gari la miaka 40 imechoka, na solenoidi ya stata ya dizeli (swichi yake ya sumaku) inadai umeme mwingi kuliko ya injini ndogo iliyokuwepo. Dawa ni rilei. Waya wa swichi uamshe rilei, na rilei ilete umeme mpya kutoka betri hadi stata kupitia fyuzi.

Taa inawaka vizuri, stata inalia "tak" tu: stata nyingi za Toyota zina vipande viwili vya kopa vya kupitisha umeme ndani ya solenoidi vinavyolika kadri miaka inavyokwenda. Siku moja inalia mara tatu kisha inazunguka, baada ya wiki inalia mara kumi. Kopa hizo zinauzwa peke yake, kwa bei ndogo kuliko stata nzima. Asiyejua anauziwa stata.

Inazunguka vizuri lakini haishiki: angalia moshi

Hapa bomba la moshi linakwambia mengi bila gharama. Mtu apige stata sekunde kumi hivi, wewe simama nyuma. Ukiona moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, mafuta yanafika ila hayawaki: nenda kwenye hita plagi (plagi za kupasha silinda kabla ya kuwasha), taiming na mgandamizo. Usipoona moshi wowote, mafuta hayafiki. Pumzisha stata dakika moja au mbili kati ya majaribio, isije ikaungua nayo.

Kama hakuna moshi, kituo cha kwanza ni solenoidi ya kukata mafuta, ile iliyofungwa kwenye pampu ikiwa na waya mmoja. Ikipata umeme inafungua njia, ikikosa inafunga, na ndivyo injini inavyozimwa kwa funguo. Washa funguo bila kupiga stata, chomoa waya wake na uuguse tena. Ukisikia mlio mdogo, inafanya kazi. Usiposikia, lete waya wenye fyuzi kutoka chanya ya betri uiguse moja kwa moja. Ikilia kwa betri na hailii kwa waya wake, solenoidi ni nzima na waya ndio mwongo.

Lakini usitosheke na hapo, kwa sababu kosa la kubadilisha injini linapenda kujificha hapa hapa. Taa ya testa ibaki kwenye waya huo *wakati stata inapigwa*. Funguo zikiwa kwenye ON taa inawaka, zikifika START inazima. Maana yake waya wa solenoidi ulichukuliwa kwenye laini ya redio, feni au kiberiti, na laini hizo hukatwa kwa makusudi wakati wa kupiga stata. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: injini inazunguka, haishiki, halafu pale unapoachia funguo inataka kushika kabla haijasimama. Hamisha waya huo kwenye laini inayobaki na umeme kwenye ON na START zote.

Lipo na kosa la pili la jamii hiyo. Fundi amechukua waya uliokuwa unakwenda kwenye koili ya petroli, akaona una umeme, akaupeleka kwenye solenoidi. Pikapu nyingi za zamani za petroli zilikuwa na rizista kwenye laini ya koili, kazi yake kupunguza volti. Taa ya testa inawaka, unaridhika, kumbe chini ya mzigo kuna volti 7 au 8, na betri ikishuka wakati wa stata zinabaki kidogo zaidi. Ndiyo sababu nasema taa ya testa ni ya kuuliza, mita ndiyo ya kuamini. Waya ukiwa umeunganishwa na solenoidi, pima. Unatakiwa kupata karibu na volti za betri.

Mafuta na hewa

Solenoidi ikiwa nzima, ingia kwenye mafuta. Tanki lilikuwa la petroli. Ndani kuna kutu, takataka, labda chujio dogo la wavu kwenye bomba la kunyonya ambalo dizeli nzito inaliziba. Halafu dizeli inataka bomba la kurudisha mafuta tankini lenye nafasi ya kutosha, wakati kwenye baadhi ya pikapu za kabureta bomba hilo ni jembamba mno au halipo, na fundi akalichomeka popote palipopatikana.

Jaribio la chupa linamaliza ubishi. Jaza dizeli safi kwenye chupa, iweke juu kuliko pampu na mbali na ekzosti, unganisha mpira mfupi hadi kwenye chujio la mafuta, na mpira wa kurudi uingize kwenye chupa hiyo hiyo. Piga pampu ya mkono iliyo juu ya chujio hadi iwe ngumu. Legeza nati za mabomba kwenye nozo mbili, piga stata hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza, piga tena. Ikiwaka kwa chupa, injini na pampu ni nzima, na tatizo liko kati ya chujio na tanki. Usiweke kidole mbele ya bomba lililolegezwa, na nozo iliyo nje ya injini ndiyo hatari zaidi: mafuta hutoka kwa zaidi ya bar 100 na yanaweza kupenya ngozi. Jeraha la namna hiyo linaonekana dogo lakini ni la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Gari linalowaka vizuri jioni na kugoma asubuhi, hasa likiegeshwa mlimani pua ikiwa juu, mara nyingi linavuta hewa na mafuta yanarudi tankini usiku. Tafuta kwenye mpira uliorefushwa na kubanwa kwa waya wa binding. Huwezi kuona tone la dizeli kwa nje, kwa sababu upande huo unanyonya, hausukumi. Hewa inaingia bila kuacha alama. Badilisha mipira yote ya upande wa kunyonya na uweke vibanio vya kweli. Ni kazi ya saa moja.

Hita plagi

Kwenye joto la Tanga au Mombasa 5L nzima inaweza kuwaka bila kupasha. Iringa, Njombe au Limuru asubuhi ni habari nyingine. Chomoa ukanda wa shaba unaoziunganisha, pima kila hita plagi kati ya ncha yake na bloku: upinzani uwe mdogo sana, chini ya omu 2. Mita isiposoma kitu, imekufa. Mbili zikiwa zimekufa kati ya nne, asubuhi ya baridi utahangaika.

Kabla ya kununua soma volti zilizoandikwa kwenye hita plagi. Toyota ilitumia aina tofauti kwenye injini za jamii ya L: nyingine za volti karibu na 12, nyingine za volti 6 zinazopata joto haraka na kulindwa na rilei ya pili na rizista. Injini ikihamishwa bila mfumo wake, halafu fundi akafunga kitufe cha kubonyeza kutoka betri moja kwa moja, hita plagi za volti 6 zinaungua upesi. Ukiamua kutumia kitufe, funga za volti 12, tumia rilei nene, na usishikilie zaidi ya sekunde 15 hadi 20.

Dawa ya kupuliza ya etha na kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa chujio la hewa, achana navyo. Hita plagi ikiwa nyekundu, etha inalipuka kabla pistoni haijafika juu, na gharama yake ni ringi zilizovunjika.

Yakibaki haya tu

Injini hizi zina mkanda wa taiming. Aliyeuza injini hajui una kilomita ngapi, na hata akisema, badilisha siku ya kufunga. Fungua kifuniko cha kujazia oili, mtu apige stata kidogo, uangalie kama kemushafti inazunguka. Haizunguki, mkanda umekatika; usiendelee kupiga stata, maana vali na pistoni zinagongana. Inazunguka lakini moshi ni mweupe na hita plagi ni nzima, hakikisha alama za taiming na pembe ya pampu. Mwisho kabisa pima mgandamizo kwa geji ya dizeli. Silinda ikiwa chini ya bar 20 hivi, hata umeme na mafuta yakiwa sawa itasumbua.

Kama injini mpya ni petroli ya EFI

Hapa ondoa fikra za kabureta. Pampu ya mafuta ya kabureta hutoa sehemu ndogo tu ya bar moja, EFI inataka karibu bar 2.5 hadi 3, mpira wa kuhimili hiyo, na njia ya kurudi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kisanduku cha uchunguzi karibu na injini. Unga matundu ya Fp na +B kwa waya mdogo, funguo ON: pampu inatakiwa kulia tankini. Ikilia hapo lakini hailii wakati wa stata, shida iko kwenye rilei ya pampu au amri ya kompyuta.

Unga TE1 na E1 kwenye kisanduku hicho hicho, funguo ON, hesabu taa ya injini inavyomweka. Ikimweka sawasawa bila kukoma, kompyuta haina lalamiko. Kodi 12 au 13 ni ishara ya mzunguko isiyofika kutoka distributa au sensa ya kranki. 14 ni ishara ya igniter (kifaa kinachoamrisha koili) isiyorudi. Taa isipowaka kabisa funguo zikiwa ON, kompyuta huenda haina umeme au ethi, au taa yenyewe haikuungwa na kompyuta mpya. Kompyuta ina ethi zake zinazofungwa kwenye injini, na hizo ndizo zinazobaki zikining'inia baada ya kubadilisha. Na kama injini ilitoka kwenye gari lenye funguo ya chipu, kompyuta itakata mafuta au moto hadi chipu yake ipatikane au immobilaiza iondolewe na mtu anayeijua.

Ukishaipata hitilafu, usizungushie utepe ukaondoka. Unga waya kwa kulehemu na risasi au kwa kibanio cha kubana, vuta mpira wa joto juu yake, weka fyuzi karibu na betri. Kisha chora kwenye karatasi waya gani wa rangi gani unatoka wapi kwenda wapi, maana rangi za Hilux na za Hiace hazilingani, na uiweke ndani ya mfuko wa nailoni nyuma ya kiti.